Mjadala: Je, bingwa wa Ranji aendelee kupatikana kwa zamu ya kwanza?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Najua wengi hapa ni Simba na Yanga, lakini sisi wachache tunaofuatilia kriketi ya ndani ya India tuna kesi ya msimu wa 2024-25 ambayo haijaisha.

Kwa asiyefuatilia: Kombe la Ranji ndiyo mashindano makubwa ya daraja la kwanza kule, na yalianza msimu wa 1934-35. Mechi za makundi ni za siku 4, za mtoano ni siku 5. Kila timu hupiga kwa zamu mbili, ikikusanya mikimbio (ndiyo alama za kriketi), na zamu huisha wapigaji 10 wakitolewa; kila anayetolewa ni wiketi moja. Ili ushinde mechi kamili lazima uwatoe wapinzani mara mbili. Ikiwa sare katika mtoano, anapita aliyekusanya mikimbio mingi zaidi katika zamu ya kwanza. Basi. Zamu ya pili, hata ukipiga mikimbio 500, haihesabiki.

Sasa tazama safari ya timu ya jimbo la Kerala. Robo fainali huko Pune, Jammu na Kashmir walipata 280. Kerala walikuwa wamebakiwa na wiketi moja, karibu waage mashindano, ndipo Salman Nizar akang'ang'ana na mrushaji Basil Thampi mpaka 281. Tofauti ya mkimbio mmoja! Siku zilizobaki Jammu na Kashmir walijenga lengo la 399, Kerala wakaishia 295 kwa wiketi 6, sare, Kerala wakapita.

Nusu fainali, Ahmedabad. Kerala walikaa wakipiga ova 187 (ova moja ni mipira 6) kupata 457, Mohammed Azharuddeen akibaki na 177 bila kutolewa. Gujarat wakajibu taratibu, wakaingia siku ya tano wakihitaji mikimbio 29 tu kuongoza, wiketi 3 mkononi. Wakafika 455. Mpigaji wa mwisho, Arzan Nagwaswalla, akaachia mpigo mkubwa dhidi ya mrushaji wa Kerala, Aditya Sarwate. Mpira ukagonga kofia ngumu ya Nizar, aliyekuwa amesimama hatua chache tu kutoka kwa mpigaji, ukaruka juu, nahodha wa Kerala, Sachin Baby, akaudaka kwenye slipu (nafasi ya mdakaji nyuma ya mpigaji). Mikimbio miwili. Kerala fainali kwa mara ya kwanza katika historia yao. (Kabla ya sheria kubadilishwa Oktoba 2017, mpira uliogonga kofia ya mdakaji usingehesabika kuwa umedakwa. Fikiria Gujarat walilalaje usiku ule.)

Fainali, Nagpur: Vidarbha 379, Kerala 342, huku Sachin Baby akitolewa akiwa na 98. Kuanzia hapo mechi ilikufa. Vidarbha walipiga zamu ya pili mpaka 375 kwa wiketi 9, wakiwa mbele kwa 412, watu wakapeana mikono, kombe likakabidhiwa. Karun Nair alipiga 135 safi kabisa katika zamu hiyo, na kwa hesabu ya ubingwa hazikuwa na kazi yoyote.

Hoja yangu: fainali iongezewe siku ya sita, na ikiwa bado ni sare, wagawane kombe. Timu ikishapata uongozi, kanuni inaiambia ikae tu. Machi 2022 kule Kolkata, Jharkhand walipiga 880, wakawatoa Nagaland kwa 289, halafu badala ya kuwarudisha wapige tena, wakapiga wao, mpaka wakawa mbele kwa mikimbio 1,008. Elfu moja na nane! Mechi ikaitwa sare na Jharkhand wakasonga. Nani alinunua tiketi kuangalia hilo?

Karibuni.

Mchangiaji, Mombasa

Bwana mleta mada, umeeleza vizuri ila umeruka jambo. Msimu huo mtoano ulikuwa na mechi 7. Vidarbha waliwafunga Tamil Nadu kwa mikimbio 198, wakawafunga Mumbai, mabingwa watetezi, kwa 80. Mumbai nao walikuwa wamewafunga Haryana kwa 152. Gujarat waliwapiga Saurashtra kwa zamu nzima na mikimbio 98 (zamu moja ya Gujarat ilizidi mbili za Saurashtra kwa 98). Sare ni 3 tu, na zote tatu alikuwamo Kerala!

Kwa hiyo kanuni haikuua mashindano. Kuna timu moja iliyosoma kanuni vizuri kuliko wengine, ikapiga ova 187 kwa makusudi, ikafika mbali kuliko wakati wowote. Nawavulia kofia kwa hilo. Lakini walipokutana na timu iliyowazidi katika mchezo huohuo, ndipo mashabiki wakagundua kanuni ni mbaya. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Na Vidarbha ndio walistahili. Mrushaji wao Harsh Dubey alichukua wiketi 69 msimu huo, rekodi ya Ranji kwa msimu mmoja. Ungewagawia kombe nusu kwa nusu na timu ambayo haikushinda hata mechi moja ya mtoano?

Mchangiaji, Muscat

Salaam wote. Huku kazini nimezungukwa na Wakerala, na siku ile ya kofia ya Nizar hakuna aliyefanya kazi ya maana hadi adhuhuri, bosi akiwamo. Ninachotaka kusema ni kuwa mleta mada anasema zamu ya kwanza inaua mechi, na mimi nasema ndiyo iliyoipa uhai. Toa kanuni hiyo, ile asubuhi ya Ahmedabad ni nini? Wapigaji wa mkiani (wa mwisho, wasio hodari) wawili watatu katika mechi inayoelekea sare. Watu hawakuacha kazi kwa sababu ya Gujarat na Kerala kwa jumla. Waliacha kwa sababu ya mikimbio 29 na wiketi 3.

Tena mtu aliyeamka siku ya tano akachukua hizo wiketi tatu ni Sarwate, ambaye alitoka Vidarbha kuja Kerala. Wiki iliyofuata akawa Nagpur kucheza fainali dhidi ya nyumba yake ya zamani. Hadithi kama hiyo mnataka kuifutia kanuni?

Mchangiaji, Nairobi

Ndugu zangu, tatizo ni pichi, yaani ule ukanda wa katikati wanaporushia mpira. Kiwanja kikiwa kimelala (hakiwasaidii warushaji) kama kile cha Ahmedabad, ambacho zamu mbili za kwanza zilikula siku nne na zaidi, hata ukiongeza siku ya sita na ya saba utapata mikimbio tu. Kabla hatujagusa kanuni, bodi ihakikishe viwanja vya mtoano vinawapa warushaji kitu kuanzia siku ya tatu.

Siku za ziada zilishajaribiwa zamani. Nusu fainali ya 1948-49 kule Pune, Bombay na Maharashtra walicheza mpaka mshindi akapatikana: mikimbio 2,376 kwa jumla, rekodi ya mechi ya daraja la kwanza, Bombay wakashinda kwa 354. Leo nani atakaa hapo? Wachezaji wenyewe wana IPL, ligi ya India ya mechi fupi, wiki chache baada ya fainali.

Halafu niseme la pembeni. Nikiwasoma mkigombana juu ya siku ya sita nacheka kwa uchungu. Mwaka 2003 sisi Kenya tulifika nusu fainali ya Kombe la Dunia la kriketi. Mrushaji wetu Collins Obuya aliwatoa Sri Lanka watano hapa Nairobi. Baada ya pale hatukujenga ligi ya siku nne ya kulea wapigaji wa kukaa, na tunajua tulikoishia. Kriketi ndefu, hata ya sare, ni mali.

Mchangiaji, Mombasa

Mwenzangu wa Nairobi kanena. Na kwa taarifa tu, huyo Ranji ambaye kombe limepewa jina lake alikuwa mtawala wa Nawanagar, huko Jamnagar, India, wanakotoka wazee wa familia nyingi za mtaani kwetu. Kwa hiyo msitushangae tukilipigania.

Mleta mada

Wakuu, nimewasoma wote. Hoja ya pichi naikubali kabisa, ila haipingani na yangu.

Ya Muscat ndiyo ngumu. Ni kweli asubuhi ile ilikuwa ya aina yake. Lakini baada ya mpira ule kudakwa kulibaki saa kadhaa za mchezo, na Kerala walizitumia kupitisha muda. Kanuni inatoa kilele kimoja kisha inaifunga jioni nzima. Angalieni Australia: zamani fainali ya Sheffield Shield, mashindano yao ya majimbo, ikiwa sare, mwenyeji alibeba kombe, na timu mwenyeji ikawa inapiga mpaka jua linatua. Kuanzia 2018-19 wakaweka pointi za ziada zinazopatikana katika ova 100 za kwanza za kila zamu ya kwanza. Ukipiga ova 187 kwa mwendo wa kobe, huambulii mengi. Kama siku ya sita inawakera, tuchukue basi hiyo. Kerala wangelazimika kukimbiza mikimbio tangu siku ya kwanza, na Gujarat vilevile.

Kuhusu kustahili, Mombasa, sijasema Vidarbha hawakustahili. Nimeuliza kitu kingine na hakuna aliyenijibu. Asubuhi ya siku ya tano pale Nagpur walikuwa mbele kwa mikimbio 286, wiketi 6 mkononi, Dubey na mpira wake unaozunguka yuko tayari. Kwa kanuni hii tuliyonayo, nitajieni sababu moja ya nahodha wao kufunga zamu (kuacha kupiga kwa hiari) na kutafuta ushindi.