Mithali 6 na fomu ya kudhamini mkopo: somo la jumuiya nilifundisheje?

Katibu_Jumuiya

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Zamu ya somo la jumuiya Alhamisi ijayo ni yangu, na fungu ni Mithali 6:1-5, linaloonya juu ya kumdhamini mtu. Wanajumuiya karibu wote wamo kwenye VICOBA (vikundi vya kuweka na kukopa) au SACCOS (vyama vya akiba na mikopo) za kazini, na wengi wameshasaini kudhaminiana. Nikisoma Mithali kama ilivyo, kila aliyesaini ni mjinga. Nikigeukia Wagalatia 6:2, kuchukuliana mizigo, kila aliyekataa kusaini hana upendo.

Sitaki somo liishie kwenye "tumwombe Mungu atupe hekima". Nataka mtu akiletewa fomu Jumatatu ajue aulize nini, asimame kwenye kiasi gani, na akikataa akatae vipi bila kuvunja ushirika. Naomba msaada kwa wanaojua Maandiko na wanaojua mikopo.

---

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Amen, ndugu katibu. Kwanza wazuie watu wasikimbilie Wagalatia kabla hawajamaliza Mithali. Kitabu hicho kinalirudia jambo hili 6:1-5, 11:15, 17:18, 20:16 na 22:26-27 (27:13 ni marudio ya 20:16). Gawa makundi matano, kila kundi fungu lake na maswali matatu: anayedhaminiwa ni nani, kitakachopotea ni nini, mdhamini anaambiwa afanye nini. Dakika 10 zinatosha. Ukisoma wewe peke yako mbele, watasinzia.

Eleza "kupana mikono" ya tafsiri ya Union, maana vijana hudhani ni kusalimiana. Ilikuwa namna ya kufunga mapatano mbele ya watu, kama saini au dole gumba leo. Ndiyo maana 6:2 inasema mtu ametegwa kwa maneno ya kinywa chake mwenyewe. Hakuibiwa, alisema.

Fungu linalobeba somo zima ni 22:27. Linauliza: kama huna cha kulipa, kwa nini mdai akuondolee kitanda chako chini yako? Hapo upendo haujaguswa. Kinachogombwa ni kuahidi usichonacho. Kwa hiyo usifundishe kwamba kudhamini ni dhambi. Mithali ni hekima, si amri za Sinai, na Torati yenyewe haikupiga marufuku rehani, iliiwekea mipaka tu: vazi la maskini lirudishwe kabla jua halijatua (Kutoka 22:26-27), jiwe la kusagia lisichukuliwe (Kumbukumbu la Torati 24:6), mdai asiingie ndani ya nyumba kujichukulia rehani (24:10-11).

Kisha onyesha wadhamini ambao Biblia haiwalaumu. Yuda alijitoa kuwa dhamana ya mdogo wake Benyamini (Mwanzo 43:9), na mambo yalipoharibika akaomba abaki mtumwa badala ya kijana (44:33). Paulo alimwandikia Filemoni kwamba kama mtumwa wake Onesimo anadaiwa kitu, kiandikwe juu yake, naye atalipa. Akasema anaandika kwa mkono wake mwenyewe (Filemoni 18-19). Waebrania 7:22 inamwita Yesu mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Paulo hakuandika "nitamsukuma Onesimo alipe". Aliandika kwamba atalipa yeye. Hapo ndipo wengi wanapokosea: wanasaini wakidhani wanatoa ushuhuda wa tabia ya mtu, kumbe wanakubali deni.

Ukifika Wagalatia, soma mpaka mstari wa 5. Mstari wa 2 una "mizigo", wa 5 Union inasema kila mtu atalichukua "furushi" lake mwenyewe, na Kigiriki nacho kina maneno mawili tofauti. Msiba, ugonjwa, nyumba kuungua: hiyo ni mizigo. Mtaji wa kupanua duka la mtu, mimi nauweka kwenye furushi. Na Mathayo 5:42 inahusu kumpa na kumkopesha mtu kilicho mkononi mwako. Haisemi usaini juu ya fedha ya mtu wa tatu.

---

Mhazini_SACCOS

Mwinjilisti amemaliza upande wake, mimi nitaleta hesabu. Andika ubaoni mfano huu, watu wauone wakiukokotoa.

Mwanachama ana akiba ya 1,000,000. SACCOS yake inakopesha hadi mara tatu ya akiba, utaratibu ulio wa kawaida, hivyo anaomba 3,000,000 kwa miezi 12, riba asilimia 1 kwa mwezi juu ya salio linalopungua. Kila mwezi anarejesha 250,000 ya mkopo na riba juu yake. Mwezi wa kwanza ni 280,000, wa mwisho 252,500, na riba yote jumla ni 195,000. Akiba yake inafunika 1,000,000, zinabaki 2,000,000. Wadhamini wanne, kila mmoja 500,000.

Sasa alipe miezi mitano aache. Salio la mkopo ni 1,750,000. Akiba yake inaliwa, linabaki 750,000, bado riba na faini. Kwa wadhamini wanne ni 187,500 kila mmoja. Wakiwa wawili ni 375,000. Ila kama fomu inasema mnawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake", mdai anaweza kumfuata mmoja tu kwa zote 750,000, halafu huyo ndiye ahangaike na wenzake. Maneno hayo yatafuteni kwenye fomu kabla ya kutafuta mahali pa kusaini. Kwa Tanzania, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inamfanya mdhamini awajibike sawasawa na mkopaji mpaka mkataba useme vingine. Kwa hiyo "mimi nilisaini tu" haimsaidii mtu.

Tena hasara huanza hata kama mkopaji analipa vizuri. Akiba uliyodhaminia hushikiliwa. Januari ukitaka kuitoa kwa ada za watoto, haitoki, au unakuta uwezo wako mwenyewe wa kukopa umepungua.

Maswali ya kumuuliza anayeleta fomu:

- Mkopo ni wa kazi gani, na rejesho litatoka kwenye pesa ipi? Biashara ya msimu ikiwekewa rejesho la kila mwezi hukwama mwezi wa pili au wa tatu.
- Ana madeni gani mengine? Muulize kwa majina: mikopo ya simu, kausha damu (mikopo ya mtaani yenye riba kali), VICOBA kingine. Anayekopa SACCOS ili akalipe kausha damu anahitaji ushauri zaidi kuliko saini.
- Wadhamini wenzangu ni akina nani, nao wamewadhamini wangapi?
- Sehemu yangu ni shilingi ngapi? Iandikwe kwa tarakimu na kwa maneno. Fomu yenye nafasi tupu haisainiwi, hata akiwa mzee wa kanisa ndiye aliyeileta.

Kosa kubwa kuliko yote ni "nisainie nikusainie". A anamdhamini B, B anamdhamini C, C anamdhamini A. Karatasi zinaonyesha dhamana tatu, ila ukweli ni akiba zile zile zikizunguka. Akianguka mmoja, wote watatu wanashikwa. Kwenye VICOBA vinavyopanga watu watano watano ndivyo mfumo ulivyo, kwa hiyo dawa yake ni kuchagua hao watano kabla ya kujiunga, si siku ya mkopo.

Kikomo: mimi hushauri jumla ya dhamana ZOTE za mtu isizidi akiba anayoweza kuweka kwa miezi sita. Anayeweka 50,000 kwa mwezi asivuke 300,000. Hakuna andiko lenye namba hiyo, ni namna yangu tu ya kukigeuza kile kitanda cha 22:27 kuwa shilingi. Na mwenzi wako wa ndoa ajue. Ikiguswa nyumba ya ndoa, Sheria ya Ndoa ya 1971 inadai ridhaa yake.

---

Binti_Sayuni

Shalom. Nakubaliana na hesabu, ila mkiishia hapo mtawafundisha watu kukataa kwa ustadi. Kumbukumbu la Torati 15:7-8 inakataza kumfumbia mkono ndugu maskini, na 2 Wakorintho 8:12-13 inaweka kipimo: mtu hutoa kwa kadiri ya alicho nacho, bila yeye kuingizwa kwenye dhiki ili wengine wapate raha. Kwa hiyo kila "hapana" iandamane na kile unachoweza.

Kwenye mfano wa mhazini, muulizeni mkopaji kama milioni 1 ingetosha kuanzia. Hiyo inafunikwa na akiba yake mwenyewe, haihitaji mdhamini. Mara nyingi mtu huomba mara tatu kwa sababu tu inaruhusiwa. Kama ni ada au matibabu, jumuiya ichange na iitwe mchango, isiitwe mkopo.

Maneno ya kukataa yafanyieni mazoezi wawili wawili, maana watu hukwama mdomoni. Yawe mafupi: "Dada, nimeisoma fomu. Sehemu yangu ni laki tano, na usipolipa sina pa kuitoa. Sitasaini. Nina elfu hamsini ya kukusaidia, hiyo usirudishe." Sema mwenyewe, uso kwa uso au kwa simu, ndani ya siku mbili, ili atafute mwingine mapema. Usitunge uongo kwamba umeshadhamini wengine. Kesho ataambiwa ukweli na mhasibu. Wala usiseme "ngoja niombe" wakati umeshaamua. Mathayo 5:37, ya ndiyo iwe ndiyo na siyo iwe siyo, inahusu na hilo, ingawa sisi waombaji hatupendi kulisikia.

---

Katibu_Jumuiya

Asanteni sana, Mungu awabariki. Swali litakaloulizwa kwanza nalijua: waliokwisha kusaini wafanyeje? Mithali 6:3-5 inasema ujiponye kama paa na mkono wa mwindaji. Wengine wataelewa kwamba wazime simu.

---

Mwinjilisti_wa_Mtaa

Paa anakimbia mwindaji, lakini mstari wa 3 umeshasema namna: nenda, nyenyekea, msihi rafiki yako. Ni kukimbilia kwa mtu, si kumkimbia. Na ukifanya yote ukashindwa kufunguliwa, Zaburi 15:4 inamsifu aliyeapa akapata hasara asigeuze neno. Mafungu haya mawili yafundishwe siku moja.

---

Mhazini_SACCOS

Kwa vitendo. Kama fedha haijatoka, andika barua leo kujitoa, nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Kumwambia afisa mikopo kwa mdomo hakutoshi.

Kama fedha imeshatoka, huwezi kujitoa peke yako. Omba nakala ya ulichosaini na salio la leo, kisha muombe mkopaji alete mdhamini mwingine, na mwandikieni mkopeshaji pamoja kuomba mabadiliko. Mpaka ukubaliwe kwa maandishi, bado umo. Angalia pia kama mkopo uliongezwa au masharti yalibadilishwa bila wewe kuridhia. Hilo kisheria linaweza kukutoa kwenye dhamana, lakini peleka karatasi kwa mwanasheria kwanza, kwa sababu fomu nyingi huwa na kifungu cha kukubali mabadiliko mapema.

Ukilipa kwa niaba yake, dai stakabadhi yenye jina lako na namba ya mkopo. Aliyelipa ana haki ya kumdai mkopaji, na kuwadai wadhamini wenzake sehemu zao. Hata ukitaka kusamehe, ijulikane kwanza ni kiasi gani umesamehe.

---

Mzee_wa_Usharika

Niongeze kuhusu Mathayo 18:15-17, ya kumwonya ndugu kwa hatua, maana watu huitumia vibaya mkopaji akikwama. Mstari wa 15 unaanza na ndugu aliyekosa. Aliyelazwa hospitali au kufukuzwa kazi hajakosa, amekwama. Kwanza jua kama hawezi au hataki. Asiyeweza, mpelekeni kwa mkopeshaji kabla ya rejesho la pili kupita, aombe kupangiwa upya. Wadhamini waliopo waandike kama wanakubali. Zaburi 37:21, ya asiye haki akopaye asilipe, ni ya yule anayeweza na hataki.

Kwa huyo fuata hatua. Nenda peke yako rejesho la kwanza likikosekana, usingoje la tatu. Baadaye nenda na mmoja au wawili wanaoujua mkopo, si ndugu zako wa kukupigia kelele. Hatua ya "liambie kanisa" ni kwa mchungaji na wazee. Kundi la WhatsApp la jumuiya silo kanisa la mstari wa 17, na ukiweka jina la mtu pale umeruka hatua mbili. Naona pia watu wakitaja 1 Wakorintho 6 kuzuia SACCOS isikate akiba. Paulo anawakemea ndugu wanaopelekana mahakamani; makato mliyoyakubali kwenye fomu ni utekelezaji wa neno lenu wenyewe.

Kwa Alhamisi, katibu, chukua fomu tupu ya udhamini ofisini, toa nakala moja kwa kila watu watatu, wapige mstari chini ya kila neno linaloahidi kulipa. Usitumie fomu ya mwanajumuiya yeyote hata ukifuta jina, mwandiko hutambulika.