Picha ya bibi imeandikwa "Lindi 1948" ila mi naona sio, nisaidieni

Mwana wa Mtanda

Habari zenu wadau, hasa nyie watu wa kusini. Bibi yetu mzaa mama alifariki hapa Lindi na arobaini yake tumemaliza juzi, sasa katika kufungua sanduku lake tukakuta picha moja ya studio, nyeusi na nyeupe, ipo kwenye fremu ya mbao na kioo kimepasuka kona. Babu amekaa kwenye kiti, bibi yupo pembeni yake na khanga zake kampakata mtoto wa kama mwaka mmoja, mbele yao kuna kimeza na juu ya kimeza kuna karedio. Nyuma kumeandikwa kwa peni ya buluu "Lindi 1948".

Shida ipo hapa. Mama yangu kazaliwa mwaka wa kimbunga, 1952, hilo halina mjadala maana bibi alikuwa anasimulia kila mwaka jinsi ile Aprili upepo ulivyobeba makuti yote ya nyumba na yeye ana mimba ya miezi saba. Na mama alikuwa na kaka yake aliyemtangulia, alifariki mdogo sana kabla yeye hajazaliwa. Basi mama kuona 1948 akasema huyu ndo kaka yangu, akalia sana, hajawahi kumuona hata kwa picha. Tunataka tuikuze tuitundike sebuleni na jina la marehemu chini. Ila mi ile redio inanisumbua, babu miaka hiyo alikuwa kibarua Nachingwea kwenye karanga za Mwingereza, redio angeitoa wapi? Sitaki kumwambia mama kitu ambacho sina uhakika nacho.

Fundi wa Chumba cha Giza

Poleni sana na msiba. Nimefanya kazi studio hapa Mtwara tangu enzi tunasafisha picha wenyewe kwa dawa, acha nikusaidie.

Umiliki wa redio usikusumbue, studio nyingi ziliweka redio au saa au maua ya plastiki mezani ili mteja atoke vizuri, kwahiyo haituambii kama babu alikuwa na hela. Cha kuangalia ni aina yake. Zamani redio ilikuwa ya taa, yaani ina vitaa vya kioo ndani vya kuiendesha, na nyingi zilikuwa likabati la mbao, huwezi kuliweka kwenye kimeza kidogo hivyo. Kama hiyo ni ndogo ya kubeba mkononi, ina kava la ngozi lenye matundu na mkanda, hiyo ni transista na transista ya kwanza kuuzwa ilitoka Marekani mwishoni mwa 1954. Mpaka ifike studio ya Lindi ongeza miaka kadhaa. 1948 haipo kabisa.

Halafu hiyo peni. Ukiona mstari una unene uleule mwanzo mwisho, umeacha kamfereji kwenye karatasi na sehemu sehemu kuna kidonge cha wino, hiyo ni peni ya kisasa ya kigololo. Bic wenyewe wameanza kuziuza Ufaransa Desemba 1950. Huku kwetu 1948 watu wanaandika kwa kalamu ya kuchovya, kwahiyo maandishi yamekuja baadaye, mtu kaandika kwa kukumbuka.

Itoe kwenye fremu taratibu, ikiwa imegandia kioo usiivute. Angalia kingo zote nne.

Wakala Ligula

Nyongeza ndogo, sisi mawakala tuna vile vitaa vya zambarau vya kukagulia noti feki. Zima taa ndani halafu imulike picha upande wa nyuma. Marehemu baba yangu alinionyesha hii, karatasi za picha za kuanzia miaka ya 1950 katikati nyingi zina dawa ya kung'arisha weupe so zinawaka buluu, za kabla ya hapo zinabaki zimefifia tu.

Fundi wa Chumba cha Giza

Kweli kabisa huyu wakala, ila kumbuka mambo mawili. Isipowaka haithibitishi kitu, maana karatasi zisizo na dawa ziliendelea kutumika. Na ikiwaka inakuambia umri wa karatasi, sio siku watu walipokaa mbele ya kamera, negativu ya zamani, ile filamu ya kuchapia picha, inaweza kuchapwa miaka mingi mbele. Ndo maana redio ina nguvu zaidi, yenyewe ipo ndani ya picha.

Mmwera wa Nyangao

Mi naomba muache tu. Mama ameshapata faraja, mnamnyang'anya ya nini?

Mwana wa Mtanda

Nimekuelewa ndugu yangu na nimelifikiria usiku mzima, lakini kama huyo mtoto sio marehemu basi kuna mtu mwingine tunamwandikia jina la marehemu na pengine yupo hai.

Mwana wa Mtanda

Apdeti wadau, mikono inatetemeka hapa.

Redio ina kava la ngozi na matundu. Karatasi imewaka buluu. Maandishi mamdogo kayatambua ni mkono wa babu, na babu kajifunza kuandika kwenye kisomo cha watu wazima miaka ya 1970, mama anahisi 1948 ni mwaka aliomuoa bibi.

Sasa sikilizeni. Fundi fremu aliweka kadibodi kuzunguka akafunika upande wote wa kulia. Nilipoitoa kukawa na mtoto wa kike amesimama nyuma ya kiti cha bibi, anacheka, meno mawili ya mbele juu hana, mkono wa kushoto kaushika mgongo wa kiti na kidole cha mwisho kimepinda kuangalia nje. Mama yangu kidole chake kimepinda hivyohivyo, alianguka kwenye mkorosho akiwa mdogo. Kuhama meno ni miaka sita mpaka nane, kwahiyo tupo 1958 mpaka 1960, na mamdogo kitambulisho chake kinasema 1958, ndo yeye kapakatwa.

Nikampelekea mama, hakusema kitu, kaweka mkono wake pembeni ya ule wa kwenye picha akakaa hivyo muda mrefu. Baadaye akauliza, "Kwahiyo kaka hana picha?" Nikamwambia hana. Akasema basi jina lake liandikwe chini pamoja na yetu, hata kama hayupo.

Fundi wa Chumba cha Giza

Mungu ampe mama subira. Ipigeni skani kabla ya kitu kingine chochote, msiifute kwa maji, na ile kadibodi msiirudishe. Hiyo 1948 iacheni kama ilivyo, ni mkono wa mzee. Mwaka wenu andikeni kwenye karatasi nyingine mwiweke nyuma yake.