Shule ya Kichina ya Jumamosi, bibi wa watoto na shahada yangu

Mama Wawili
Salaam, ndugu wanajukwaa. Wazazi wangu walihama kutoka Hong Kong kabla sijazaliwa, mume wangu si Mchina, na tumejaliwa watoto wawili wa umri wa shule ya msingi. Mwaka huu nimeanza shahada ya uzamili niliyoiahirisha tangu nilipojifungua mtoto wa kwanza, na muda pekee wa kusoma kwa utulivu ni Jumamosi, siku ambayo huwapeleka watoto shule ya Kichina, nikawasubiri, kisha jioni nikakaa nao wakijaza daftari za miraba kwa herufi zilezile mstari baada ya mstari. Mama yangu anasema nikiwaachisha nitakuwa nimekata mnyororo wa ukoo kwa mkono wangu. Mume wangu anasema uamuzi ni wangu kwa kuwa utamaduni ni wangu, kauli ya heshima ambayo, kwa kweli, inaniachia mzigo wote. Wenzangu mnafanyaje?

Binti Taishan
Mama mwenzangu, kwanza naomba kuuliza: shule hiyo inafundisha Kichina kipi? Nyingi hufundisha Kimandarini, yaani Kichina rasmi cha China Bara, na maandishi yaliyorahisishwa, yale yaliyoanza kutumika China Bara katika miaka ya 1950, ilhali familia ya Hong Kong kwa kawaida huzungumza Kikantoni na kuandika kwa maandishi ya asili. Ikiwa ndivyo, watoto wanatumia Jumamosi nzima kujifunza lugha ambayo bibi yao hazungumzi nao mezani. Kwetu ilikuwa hivyo hasa: binti yangu alimsomea bibi yake shairi aliloimbishwa darasani, bibi akapiga makofi, kisha akanigeukia na kuniuliza kwa Kikantoni mtoto amesema nini. Kama bibi anajali mnyororo wa ukoo, basi yeye ndiye mwalimu, na saa moja naye jikoni, akiwaagiza na kuwasahihisha kwa Kikantoni tu, inafaa kuliko daftari kumi.

Mzazi wa Kando
Ninatofautiana kidogo na dada aliyetangulia. Kimandarini kina faida yake, na mtoto akiacha kuandika herufi mapema ni vigumu sana kurudi, kwa kuwa kusoma gazeti kunahitaji kuzitambua herufi kati ya 2,000 na 3,000, nazo hupotea zisipoandikwa. Mimi si Mchina. Mke wangu ndiye Mchina, na ndimi ninayewapeleka watoto wetu. Sijui lugha hiyo, lakini kuendesha gari, kusubiri mlangoni na kuhakikisha daftari limejazwa havihitaji lugha. Mwambie shemeji yetu kwamba uamuzi unaweza kuwa wako bila kazi yote kuwa yako.

Bi. Kalenda
Nyongeza fupi. Sikukuu zisikuvamie katikati ya mitihani, kwani tarehe zake zinajulikana mapema: Mwaka Mpya wa Kichina ni tarehe 17 Februari kwa mwaka 2026 na tarehe 6 Februari kwa mwaka 2027, na Qingming, siku ya kusafisha makaburi, huangukia tarehe 4 au 5 Aprili karibu kila mwaka. Mpe msimamizi wako tarehe hizo muhula unapoanza. Keki za mwezi, zile za sikukuu ya katikati ya vuli, nunua dukani. Hakuna bibi aliyewahi kususia keki ya dukani.

Mama Wawili
Nawashukuru. Ndiyo, ni Kimandarini, na nakiri kwamba sikuwahi kulipima jambo hilo kwa upande wa mama yangu. Mume wangu amesoma maelezo ya Mzazi wa Kando na amekubali kuzichukua Jumamosi hadi muhula huu uishe. Mama nimemwomba awachukue watoto Jumatano jioni, wapike naye kwa Kikantoni. Amejibu kwamba Jumatano ni sawa, ila shule nayo isiachwe. Hapo bado hatujaelewana.