Wanaonidai bili ya simu ninayoikataa wamempigia hadi baba mkwe. Niwatumie laki moja wanyamaze?

Wakala_wa_Mpakani

Habari za jioni ndugu zangu. Naandika kutoka Mpondwe, wilaya ya Kasese, mpakani na Kongo. Nina jambo linaloninyima usingizi, hii ni wiki ya tatu.

Mwaka 2021 nilikuwa na laini ya kulipia mwisho wa mwezi kwenye kampuni moja ya simu, jina naliacha. Bili yangu ilikuwa inacheza kwenye 80,000 au 90,000. Bili ya Novemba ikaja shilingi 1,498,000. Nilidhani mtu kaongeza tarakimu kwa bahati mbaya. Nikapanda gari hadi ofisini kwao Kasese, wakaniambia nimetumia intaneti nikiwa Kongo, eti rominga. Mwezi ule sikuvuka daraja hata siku moja, mke wangu alikuwa amejifungua. Lakini kibanda changu kiko karibu na mto Lhubiriha, na anayepajua huku anajua mambo yake: simu inajikamatia mnara wa Kasindi yenyewe, inakutumia meseji ya karibu Kongo wakati chai yako iko mezani Uganda.

Nililipa 88,000 ya matumizi yangu, risiti ninayo. Zile 1,410,000 nikazikataa kwa barua, wakanipigia muhuri nakala yangu. Jibu halikuja. Baadaye laini ikafungwa, nikasema basi, yameisha.

Miaka minne imepita. Mwezi uliopita akaanza kupiga mtu anayejiita afisa wa kukusanya madeni, kampuni nyingine kabisa, anasema deni sasa ni 2,115,000. Anapiga mara nane au kumi kwa siku, namba tofauti tofauti, wakati mwingine saa kumi na moja alfajiri. Ananiita mwizi. Nilipomwambia nina barua yenye muhuri, akanijibu, "Barua hailiwi."

Juzi wakampigia baba mkwe wangu, Bwera. Namba yake niliiandika mwenyewe kwenye fomu wakati wa kuchukua laini, pale wanapotaka jina la mtu wa karibu. Wamemwambia, "Mkwe wako ni tapeli, anatafutwa." Mzee hakunipigia mimi, alimpigia binti yake. Na mke wangu mpaka leo hajaniuliza neno. Anaweka chakula, anatoka nje. Hilo linaniuma kuliko hizo milioni mbili.

Jana wakasema nitume hata 100,000 leo "kuonyesha nia njema", la sivyo wanakuja na polisi na bailifu kubeba vitu vya kibandani, halafu jina langu linaingia CRB. Laki moja ninayo. Niwatumie wanyamaze kidogo?

BodaWaMalaba

Wafungie namba zote, nunua laini nyingine, endelea na maisha. Hao wakikukosa wiki mbili wanahamia kwa mwingine.

Mkenya_Jirani

Pole sana ndugu. Lakini mbona rominga Afrika Mashariki tulishaondolewa? Hapo wamekuibia mchana kweupe, Kongo si iko kwenye Jumuiya?

Mama_Saluni

@BodaWaMalaba laini mpya atasajili kwa kitambulisho kilekile cha taifa. Na baba mkwe naye atanunuliwa laini mpya?

NilikuwaUpandeWao

USITUME HIYO LAKI MOJA. Soma kwanza haya, ndipo utoe simu mfukoni.

Niliifanya kazi hiyo miezi saba, Kampala, na sijivunii. Ukiingia asubuhi unapewa orodha kwenye kompyuta: jina, namba, kiasi, namba za ndugu. Basi. Mkataba hatukuwa nao, bili hatukuwa nazo, barua za malalamiko ndiyo hata hatukujua kama zipo. Kwa hiyo mtu akituambia "nilishalalamika" tunaona ni hadithi, maana kila mtu ana hadithi. Huyo aliyekuambia barua hailiwi, nina hakika hajawahi kuona hata ukurasa mmoja wa bili yako.

Sisi mshahara ulikuwa mdogo, riziki ilikuwa asilimia ya kile tulichokusanya. Ndiyo maana ya laki moja. Anakata fungu lake leo, kesho anakupigia tena kwa sauti kali zaidi, maana sasa amejua wewe ni mtu wa kutoa. Aliyetoa mara moja tulimwekea alama kwenye orodha.

Na ile ya kumpigia mkwe, tulifundishwa. Mke anaweza kukutetea, rafiki anaweza kucheka, lakini mtu hawezi kuvumilia mkwe ajue. Msimamizi wetu alikuwa anatuuliza kila jioni, "Umefika kwa wakwe?" Nisamehe ndugu, wapo niliowafanyia hivyo.

AfandeMstaafu

Nimevaa sare miaka 26, nisemee polisi tu.

Kudaiwa bili si kosa la jinai. Hakuna afisa anayekuja kukukamata kwa sababu hujalipa simu. Akija mtu na kusema ni polisi, muulize kituo chake na namba ya kesi. Kesi ya kweli ina namba ya SD, yaani kitabu cha kituo, na ikifunguliwa jalada inapata namba ya CRB, kitabu cha makosa. Asipokuwa nazo, mwambie mkutane kituoni mbele ya OC, mkuu wa kituo. Wengi simu hukatika hapo hapo.

Nadhani hiyo CRB imekutisha bure. Wanayosema wao ni ofisi ya kumbukumbu za mikopo, ile ambayo benki huangalia kabla ya kukukopesha. Haina pingu. Herufi zinafanana na za kitabu chetu, na wao wanapenda uchanganye.

Bailifu naye habebi hata kiti bila amri ya mahakama, na amri hiyo hutoka baada ya kesi kusikilizwa na hukumu kutolewa. Umeletewa samansi, yaani hati ya kuitwa mahakamani? Kama hujaletewa, hakuna kesi. Mwambie mwenyekiti wako wa LC1, yaani wa kijiji, leo hii, ili gari likija awe wa kwanza kuomba karatasi.

Wakala_wa_Mpakani

Sijaletewa samansi yoyote, afande. Simu na meseji tu. Meseji ninazo zote.

Karani_wa_Zamani

Afande amesema vizuri, lakini niongeze kitu ili mtu asilale usingizi wa pono. Deni si jinai, ni kweli. Ila hapa Uganda mtu aliyeshindwa kesi ya madai, akakaidi kulipa, mahakama inaweza kumpeleka jela ya madai hadi miezi sita. Hiyo ni baada ya hukumu, na baada ya kuitwa ajieleze kwa nini asifungwe. Kwa hiyo vitisho vya simu vipuuze, karatasi ya mahakama usiipuuze hata siku moja. Ikija, jibu ndani ya muda ulioandikwa humo. Niliona watu wengi wakishindwa kesi ambazo wangezishinda, kwa kuwa samansi waliisukuma chini ya godoro.

Sasa ile laki moja. Aliyekuwa upande wao amekupa sababu ya biashara, mimi nakupa ya sheria. Deni la mkataba linadaiwa mahakamani ndani ya miaka sita. Lako ni la Novemba 2021, saa inakimbia kuelekea mwisho wa 2027. Ukilipa sehemu yake, au ukiandika kwa saini yako kwamba unadaiwa na utalipa, miaka sita inaanza kuhesabiwa upya. Tena umebadilika kutoka mtu anayekataa deni kuwa mtu anayelipa polepole. Hata kwenye WhatsApp usiandike "nitalipa mwisho wa mwezi". Andika "deni hili nalikataa tangu 2021, tazama barua yangu".

@Mkenya_Jirani ile nafuu ya rominga ilianza na Kenya, Rwanda, Uganda na Sudan Kusini, na shabaha yake ilikuwa simu za sauti. Kongo iliingia Jumuiya mwaka 2022, bili hii ni ya mwaka mmoja kabla. Hiyo hoja haimsaidii, aiache.

Hoja zinazomsaidia ni nyingine. Kwanza hawa wakusanyaji: waandikie barua moja, wataje nani amewatuma, walete idhini yake, mkataba, na hesabu kamili. Kutoka 1,410,000 hadi 2,115,000 ni nusu nzima imeongezwa. Kwa kifungu gani? Wajibu kwa maandishi, simu zao usipokee tena. Pili kampuni ya simu yenyewe: omba orodha ya kina ya kila kipindi cha intaneti, tarehe, saa, ukubwa, na mtandao uliobeba. Kwenye kumbukumbu za mitandao, ya Uganda ina namba ya nchi 641, ya Kongo ni 630. Omba pia ushahidi kwamba wewe ndiye uliyeomba rominga iwashwe.

Wasipojibu, unakwenda UCC, tume ya mawasiliano. Wao hukuuliza kwanza kama ulishalalamika kwa kampuni, na wewe una nakala yenye muhuri. Watu wengi hukwama hapo, wewe umeshapita. Na kwa ile ya kumwaga habari zako kwa baba mkwe, kuna Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 na ofisi yake ya ulinzi wa data binafsi iko chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari. Namba ya mzee ilitolewa ili upatikane. Haikutolewa ili atukanwe mkwewe.

Mimi si wakili wako, nilikuwa karani tu. Lakini niliyaona.

Mama_Saluni

Nyie wanaume mmeongea sheria, na bado yule mama anaweka chakula anatoka nje.

Mdogo wangu, kabla ya barua zote hizo nenda Bwera. Usipige simu, nenda. Beba ile bili, risiti ya 88,000 na barua yenye muhuri, na mkeo akiwa pamoja nawe. Mzee hana shida na bili, shida yake ni kwamba amesikia habari za mkwe wake kutoka kwa mtu asiyemjua. Akishaziona hizo karatasi, atakayepiga tena atakutana na mtu mwingine. Na mkeo atasikia yote humo humo, hutahitaji kuanza kumweleza peke yake usiku.

Wakala_wa_Mpakani

Ahsante mama. Nimesoma hii mara tatu.

NilikuwaUpandeWao

Swali. Unasema hukuvuka mwezi ule. Wao watakuambia mtandao unaonyesha Kongo, na hiyo 630 itakuwa pale kwenye orodha, kwa sababu simu kweli ilishika mnara wa Kongo. Utaonyeshaje kwamba wewe ulikuwa upande huu? Mpondwe watu wanavuka bila kugonga muhuri, hawatakuamini kwa neno tu. Unafanya kazi gani hapo kibandani?

Wakala_wa_Mpakani

Mimi ni wakala wa pesa za simu, kwa laini ya mtandao mwingine. Kuweka na kutoa.

Karani_wa_Zamani

Kitabu unaandika?

Wakala_wa_Mpakani

Cha wateja? Kila siku. Tarehe, jina, namba, kiasi, wengine wanatia saini.

...Ngojeni.

Karani_wa_Zamani

Ndiyo. Kitafute cha 2021.

Wakala_wa_Mpakani

Ndugu zangu, nimerudi baada ya siku sita.

Kitabu kipo. Panya wamekula pembe ya juu, lakini Novemba imepona. Bili yao ya kwanza ilikuwa na ukurasa wa pili ambao sikuwahi kuusoma vizuri: rominga ilitokea siku nne tu, na nyingi ni kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku. Nilikuwa nimelala! Simu ilikuwa inajipakulia mambo yake. Vipindi viwili ni vya mchana, na kitabu kinaonyesha siku hizo nilihudumia watu 31 na 27, mmoja wao ni mwalimu ambaye yuko tayari kusema.

Bwera tulikwenda Jumapili. Mzee alisoma barua polepole, akauliza muhuri huu ni wa nani, nikamwambia. Akamwita kijana wake ampigie yule afisa hapo hapo, simu kwenye spika. Akamwambia kwa Kiswahili cha jeshini, maana alikuwa jeshi zamani, "Wewe kijana, leta karatasi hapa kwangu, chai nitakuwekea." Akakata. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ukuta. Tukiwa njiani kurudi, mke wangu ndipo aliponiuliza kwa nini sikumwambia tangu mwanzo. Sikuwa na jibu zuri.

Barua kwa wakusanyaji nimepeleka, wamejibu kwa meseji moja tu kwamba "suala linapitiwa". Simu za alfajiri zimekoma. Kwa mzee hawajapiga tena. Kampuni ya simu bado kimya, nimewapa siku 14 kwenye barua, zikipita naandikia UCC. Laki moja nimenunulia maziwa ya mtoto na salio la kibanda.

Swali la mwisho: kitabu nikinakili, ninakili chote? Kina majina ya wateja.

Karani_wa_Zamani

Zile siku nne tu. Namba za simu za wateja zifunike kwa karatasi kabla ya kupiga kopi, nao wana faragha yao. Kitabu chenyewe kikae kwako, usimwachie mtu, hata akiwa na kitambulisho cha ofisi.

AfandeMstaafu

Na nunua paka.