Malaika: nani aliirekodi kwanza, na mwimbaji wa kike abadilishe maneno?

gambusi_la_tanga: Wakuu, salaam, na shikamooni wakubwa. Bendi ya watu wanne tunaandaa "Malaika", na anayeimba ni dada. Matoleo yamezidi, kila moja na maneno yake. La kwanza ni lipi? Na je, pale kwenye "ningekuoa", dada aseme "ungenioa"?

santuri45: Aliyeiweka kwenye santuri kwanza ni Fadhili William akiwa na Jambo Boys, Nairobi, 1960. Akairekodi tena 1963 akiwa na Equator Sound, na hilo la pili ndilo wengi wanalolidhania kuwa la kwanza. Ila kurekodi si kutunga. Upande wa Tanzania wanamtaja Adam Salim, kwamba aliutunga 1945, na Kenya kwenyewe kuna wanaomtaja Grant Charo na Lucas Tututu. Mzozo huo haujaisha, kwa hiyo kwenye tangazo lenu msiandike "mtunzi Fadhili William" kana kwamba limekwisha. Andikeni nani alirekodi.

Duniani ulipelekwa na Miriam Makeba. Aliuimba na Harry Belafonte kwenye albamu yao ya 1965, iliyopata tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Baadaye Hep Stars wa Sweden, bendi aliyokuwamo Benny Andersson kabla ya ABBA, wakauchukua, Boney M. wakautoa 1981, Angélique Kidjo 1991. Wengi wa huko walijifunza maneno kwa kusikiliza, ndiyo maana yanatofautiana.

mwalimu_wa_ngeli: Dada asibadilishe. "Ni-nge-ku-o-a" na "u-nge-ni-o-a" zote ni silabi tano, kwa hiyo kwenye melodia hutasikia tatizo. Tatizo liko kwenye maana. Anayelia hapa ni kijana aliyeshindwa mahari: mali hana, ndiyo maana hawezi kuoa. Ukisema "ungenioa", asiye na mali anakuwa binti, na kwetu ukosefu wa mali wa binti hauzuii ndoa. Kisa chote kinaanguka kwa neno moja. Makeba aliacha "ningekuoa" na hakuna aliyeshangaa, kwani mwimbaji anabeba sauti ya mhusika.

Angalieni pia "hukuwaza" pale kwenye kidege. Hiyo *hu-* ni ya mazoea: siku zote nakuwaza wewe. Lakini neno hilo hilo linasomeka pia kama kanusho la wakati uliopita, yaani wewe hukufikiri, na msikilizaji anapata lawama badala ya mapenzi. Wanaoimba "nakuwaza" wanakwepa utata huo. Mimi napenda "hukuwaza", lakini mstari huo ukikazwa kwa hasira unageuka shutuma. Uimbwe taratibu, kwa kubembeleza.

besi_nne: Upande wa vyombo ni kodi (chords, sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) tatu tu: D, G, A. Ikiwa D ni chini mno kwa dada, mpiga gitaa aweke kapo (kibanio cha nyuzi kwenye shingo ya gitaa) kwenye freti ya tatu, ashike maumbo yale yale. Sauti inatoka F. Hapa ndipo bendi huharibu: mpiga besi hana kapo, anaendelea na D. Yeye apige F, Bb, C. Kinanda vilevile, isipokuwa kama kina kitufe cha kuhamisha ufunguo. Basi kiongezwe 3.

Msikimbize mwendo. Ukiwa wa haraka, vokali ndefu zinakatwa na "malaika" inabaki "malaka". Ngoma ziingie ubeti wa pili. Wa kwanza gitaa na sauti vinatosha.

gambusi_la_tanga: Asanteni sana. Tukirekodi na kuuweka mtandaoni, kuna ruhusa ya kutafuta?

santuri45: Ipo. Msitumie rekodi ya mtu, pigeni wenyewe. Hata hivyo haki ya utunzi inabaki. Kwa sheria ya Kenya inadumu miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Fadhili William alifariki 2001, hivyo akihesabiwa yeye ni hadi mwisho wa 2051. Kwa kuwa mko Tanga, anzeni na COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kabla ya kuingia studio, na mseme mapema kama kutakuwa na video, maana ruhusa ya kuoanisha wimbo na picha huombwa peke yake.