Nataka kusomea uprodyuza wa filamu na video, nibaki Mombasa ama niende Nairobi?

mwana_kisauni:
Habari zenu wadau. Nimemaliza form four na tangu hapo namfuata binamu yangu kwa shughuli za harusi, yeye anashuti mimi napiga simu, bi harusi ametoka saluni ama bado, gari limefika wapi, chakula cha vijana wa kamera kiko kwa nani. Hio kazi naipenda kuliko kushika kamera na nimeambiwa huo ndio uprodyuza wenyewe. Sasa nataka niusomee kabisa. Baba asema niende Nairobi, mama ataka nibaki hapa, na kodi ya huko mnaijua. Kwani kozi inafundisha nini hasa?

BintiTudor:
Hongera kaka, wengi wanaingia wakitaka kamera tu. Nairobi kuna KIMC, chuo cha serikali cha uanahabari, ipo tangu 1961, kuna Kenya Film School, na Kenyatta University wana idara ya filamu na tamthilia. Hapa kwetu TUM, chuo kikuu cha ufundi cha Mombasa, wana kozi ya uanahabari, sio filamu moja kwa moja lakini kuandika na kuedit utajifunza. Popote utakapoenda usiishie ofisini kwa fomu, tafuta wanafunzi wa mwaka wa pili uwaulize kamera moja wanagawana wangapi na wameshamaliza filamu gani, hapo utajua kama ni chuo cha vitendo ama cha kuandika notisi. Na Swahilipot pale karibu na Fort Jesus pita, vijana wa sanaa wako hapo kila siku.

mzee_wa_lokesheni:
Mdogo wangu ntakwambia kazi yenyewe ilivyo. Chukua sini ya dakika mbili tu, watu wawili wanaongea barazani Mji wa Kale. Kabla kamera haijatoka kwenye begi prodyuza ashaenda pale saa ile ile watakayoshuti, akae asikilize, manake asubuhi mtaa umenyamaza na alasiri tuktuk hazikatiki, na adhana lazima uipangie, sio heshima tu, ukikata maneno katikati ya adhana kwenye kuedit hayaungani tena. Jua letu nalo lapanda haraka, ule mwanga laini wa asubuhi ukichelewa kidogo tu umekwenda, kwa hivo waigizaji wawe washavaa kabla halijatoka. Halafu karatasi: leseni ya kushuti chini ya Sura 222, ile sheria ya filamu na michezo ya jukwaani, ukitaka ndani ya Fort Jesus ni ruhusa ya Makumbusho ya Taifa, droni ni KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na wimbo wa mtu huweki bila idhini yake. Halafu bajeti, na hapa ndipo mradi hufa, watu wanahesabu kamera na taa wanasahau nauli, chakula, hadi diski ya pili ya kuhifadhi kazi. Hayo yote waweza kuanza kujifunza hapo Kisauni kwa harusi za binamu yako, mwambie akuachie bajeti.

kijana_wa_SGR:
Mzee nakuheshimu lakini mimi nasema aende. Stesheni kubwa za TV na kampuni za matangazo makao yao ni Nairobi, na prodyuza anaishi kwa watu anaojuana nao, wale unaosoma nao ndio watakuita kazini baadaye. Kuna pia MultiChoice Talent Factory, mafunzo ya filamu ya kampuni ya DStv, mwaka mmoja, ukichaguliwa husomi kwa pesa yako, ila uende na kazi za kuonyesha.

mzee_wa_lokesheni:
Hapo kwa kazi za kuonyesha tuko pamoja, sikatai Nairobi, nasema asiende mikono mitupu. Atengeneze filamu fupi moja hapa kwanza, programu ya kuedit DaVinci Resolve iko ya bure. Na mwambie binamu ashuti kwa shata ya 1/50, yaani kila picha ipokee mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde, ilingane na umeme wetu wa hatsi 50, la sivyo zile taa za mirija ndani ya ukumbi zinacheza kwenye picha.

mwana_kisauni:
Shukran sana wote, nishapata pa kuanzia. Nyumba ya bibi yangu Mji wa Kale ina baraza, jirani amekubali pia tutumie ya kwake. Nataka jirani anitilie sahihi fomu ya ridhaa, kwamba amekubali, sasa lazima iwe ya kizungu?

BintiTudor:
Hapana, iandike Kiswahili, uweke tarehe, muda mtakaotumia na video itaonyeshwa wapi, halafu umsomee jirani yote kabla hajatia sahihi. Nakala moja umwachie.