Seli ya bakteria: mkondo unapita, asetati haionekani, chupa inanuka mayai viza

MchuWaChwaka
Assalaam alaykum. Naomba msaada kwa wanaojua kutengeneza asetati (chumvi ya asidi ya siki) kwa bakteria wanaolishwa kaboni dioksaidi na umeme. Chupa mbili za ml 200, katikati utando wa Nafion 117 unaopitisha ioni. Kathodi (upande hasi, wa bakteria) ni felti ya kaboni, sm² 25; anodi (upande chanya) ni fimbo ya grafaiti. Potenshiostati, kifaa kinachoshikilia volti ya kathodi, ipo −0.8 V kwa Ag/AgCl (elektrodi ya kulinganishia). Mbegu, yaani bakteria wa kuanzia, ni matope ya mikoko ya Chwaka, na maji ni ya bahari yaliyochujwa, pande zote mbili. Mkondo ni 4 mA, umetulia, lakini HPLC (mashine ya kupima kemikali) haioni asetati na harufu haivumiliki. Nizidishe volti?

Kombeni
Wa alaykumu salaam. Volti usiziguse. −0.8 yako ni kama −0.6 kwa kipimo cha haidrojeni, na kwa pH 7 haidrojeni huanza kutoka −0.41. Nguvu ipo ya kutosha.

Kinachokuponza ni bahari. Maji yake yana salfeti 28 mM (mmol kwa lita) hivi, na matope ya mikoko yamejaa bakteria wanaopumua salfeti. Hao huwahi haidrojeni kabla bakteria wa asetati hawajaigusa. Piga hesabu: ml 200 zina salfeti 5.6 mmol, na kila moja hula elektroni 8 mpaka iwe salfaidi, ndiyo hiyo harufu ya mayai viza, sawasawa na zinazohitajika kwa asetati moja. Kwa 4 mA, hizo ni siku 12 na nusu za umeme unaotoka kama harufu. (Fungua chupa penye upepo, gesi hiyo ni sumu.)

Maji mapya, kwa lita moja ya maji yaliyokenekwa: bikaboneti ya sodiamu g 2.5, NaH₂PO₄ g 0.6, kloridi ya amonia g 0.25, kloridi ya potasiamu g 0.1. Magnesiamu itie kama kloridi. Wengi hutia salfeti ya magnesiamu kwa mazoea, adui akarudi kwa mlango wa nyuma. Na usiache chembe za nikeli, seleniamu na tangsteni. Vimeng'enya vya kazi hii vinazihitaji.

BaiogesiWete
Sheikh Kombeni kasema kweli, ila mbegu nayo ibadilishwe. Chukua tope la mtambo wa baiogesi wa kinyesi cha ng'ombe. Litakuja na vijidudu vya methani, na wengi huwaua kwa kulipasha tope moto wa 90 °C. Mimi sikubaliani na njia hiyo: Acetobacterium, bakteria wa asetati, haina spora za kujihifadhi na joto, hufa pamoja nao, na mara nyingi ndiyo inayotawala kwenye kathodi. Badala yake, kuzuia methani, tia bromoethanesulfoneti ya sodiamu 10 mM, yaani g 2.1 kwa lita. Mbegu ikuze kwanza kwa gesi ya haidrojeni asilimia 80 na kaboni dioksaidi asilimia 20, ukihamisha asilimia 10 kwenye chupa mpya kila ikishakua. Asetati ikionekana, ndipo uitie kwenye seli.

Anodi pia. Maji ya bahari upande ule hutoa klorini, na grafaiti hulika. Weka wavu wa titani uliopakwa oksaidi ya iridiamu ndani ya bafa (maji ya kutuliza pH) ya fosfeti 0.1 M.

Kombeni
Na hiyo Ag/AgCl ilinganishe na mpya. Salfaidi ikiingia ndani yake, fedha hugeuka salfaidi na kipimo huhama bila wewe kujua. Tofauti ikizidi mV 10, itupe.

MchuWaChwaka
Ahsanteni sana. 4 mA yote ikienda kwenye asetati nitarajie kiasi gani? Na inauzika?

BaiogesiWete
Mkondo mara sekunde, gawa kwa 8 × 96,485, zidisha kwa 60: mg 27 kwa siku, au mg 134 kwa lita. Kipimo cha kujilinganisha nacho ni kazi ya Lovley na wenzake wa Massachusetts, 2010: bakteria Sporomusa ovata peke yake ilipeleka zaidi ya asilimia 80 ya elektroni kwenye bidhaa. Ukipata chini ya nusu, pima haidrojeni na methani juu ya chupa. Ukivuka asilimia 100, bakteria wanakula kaboni ya tope.

Kuuza asetati yenyewe, hapana. Seli ya 2.5 V hula karibu uniti 9 za umeme kwa kilo hata kama hakuna kinachopotea, na bado hujaitenga na maji. Faida iko kwenye kuwalisha bakteria wengine wanaoirefusha iwe kaproeti (yenye kaboni sita), au wanaoihifadhi mwilini kama plastiki.

Kombeni
Tafuta na UPS (betri ya akiba). Umeme ukikatika, angalia kama potenshiostati yako ikiwaka upya inarudi −0.8 yenyewe, nyingi hubaki wazi, bila kupitisha mkondo, mpaka uziamuru.